Konokono wa Tanga aliyewachekesha Wazungu London

Mpenzi msomaji, kabla hatujafika mbali hebu chukua kalamu. Mshikaji wako anatoka mkoani, hajawahi kukanyaga Dar, na anataka kufika geto kwako Mbagala. Simu yake imekata chaji. Huna karatasi, kuna pakiti tupu ya sigara tu. Mchoree ramani.

Najua utachora nini. Barabara ya Kilwa utaipiga mstari mmoja, kituo cha daladala, halafu baa (utaichora kubwa kuliko zahanati, usikatae), genge la mama fulani, fundi cherehani chini ya mwembe, geti la bluu, umefika. Mtaa wa nyuma ambao hujawahi kuupita huuchori. Hapo pakiti inabaki nyeupe. Na umbali? Hakuna cha mita wala nini. "Unatembea kama dakika tano hivi," na sote tunazijua dakika tano za Mbagala.

Sasa mtu akiiokota pakiti hiyo miaka 150 baadaye, akaipima na rula, atakucheka. Atasema huyu jamaa alikuwa mlevi. Lakini akiwa na akili atatulia kidogo, ajiulize mbona baa ni kubwa hivi, mbona huku pamejaa na kule ni peupe, huyu mchoraji alikuwa anapita wapi kila siku? Hapo ameanza kazi ya mwanahistoria. Na hiyo ndiyo habari yangu ya leo, maana iko ramani moja ya kuchorwa kwa mkono iliyozaliwa hapa hapa pwani yetu, ikapelekwa Ulaya, watu wakaicheka mpaka basi. Na mimi nasema waliocheka waliichelewa.

Twende mwaka 1854. Tanga wakati huo haina reli wala katani. Ni mji wa biashara chini ya Sultani wa Unguja, na biashara yenyewe ni pembe za ndovu. Misafara inakwenda bara na shanga, nyuzi za shaba na vitambaa, inarudi na pembe, na katika nchi ile kulikuwa pia na biashara ya watumwa, tusifiche. Mjini hapo akafika Mjerumani mmoja, Jakob Erhardt, mmisionari aliyetumwa na Church Missionary Society ya London. Mwaka uliotangulia alikuwa Usambara kwa Mfalme Kimweri. Tanga akakaa kama miezi sita.

Alifanya nini miezi sita? Kwa lugha ya leo tungesema alipiga kijiwe. Alikaa na wenye misafara akawauliza: mnapita wapi? Mnatembea siku ngapi? Maji mnapata wapi? Nani anaishi pale? Mwisho wa safari kuna nini? Watu wa misafara ni watu wa hadithi, wape kahawa tu. Wakamwambia.

Sasa sikiliza kisanga kinapoanzia. Waliokuwa wakitoka upande wa Tanga na Pangani, wakapita nchi ya Wamasai, walisema mwisho wa njia kuna maji makubwa. Waliotoka Bagamoyo na mrima ule, wakapita Ugogo na Unyamwezi mpaka Ujiji, nao wakasema tumekomea kwenye maji makubwa. Waliotoka Kilwa kwenda nchi ya Wayao na kuendelea, hao nao wakaapa kwamba mwisho wake ni maji makubwa. Njia tatu tofauti, zenye midomo mbali mbali kabisa pwani, zote zinaishia majini!

Erhardt akarudi Rabai, nyuma ya Mombasa, alikokuwa mwenzake Johannes Rebmann, Mjerumani mwingine. Wakakaa wakaumiza vichwa. Ghafla ikawajia: kumbe ni maji yale yale! Basi wakachukua karatasi, wakachora njia zote, na huko mwisho wakaziunganisha na ziwa moja. Ziwa lenyewe sasa, wee acha tu. Linaanzia karibu na Ikweta, linateremka kusini nyuzi kama 13, linapinda, kichwa kikubwa juu na mkia mwembamba chini. Wakaliita Bahari ya Uniamesi, yaani Unyamwezi kwa masikio ya Kijerumani.

Ramani ikatokea kwanza katika gazeti la wamisionari huko Ujerumani mwaka 1855. Mwaka 1856 bingwa wa ramani August Petermann akaichapa katika jarida lake la mji wa Gotha, na London ikawekwa mbele ya mabwana wa Chama cha Kifalme cha Jiografia. Mmoja wa walioiona alikuwa ofisa wa jeshi John Hanning Speke, ambaye baadaye aliandika kwamba lile ziwa lilifanana na konokono asiye na gamba, na kila aliyelitazama alitikisa kichwa na kucheka. Jina likanata. Mpaka leo wataalamu wanaiita ramani ya konokono.

Halafu kumbuka kwamba hawa wamisionari walikwisha kuchekwa kabla. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameiona Kilimanjaro na theluji yake. Kiongozi wa msafara wake, Bwana Kheri, alipoulizwa ule weupe ni kitu gani alijibu kwa neno moja tu: baridi. Jibu safi kabisa! Lakini London alikuwako bwana mmoja, William Desborough Cooley, hajawahi kukanyaga Afrika hata siku moja, mwenye kitabu chake cha mwaka 1852 cha kueleza Afrika ya ndani, naye akashikilia kwamba theluji karibu na Ikweta ni ndoto za mchana. Mpaka Baron von der Decken alipopanda mlima huo mwaka 1861 na 1862 na theluji ikamwangukia mwenyewe, Cooley bado alikuwa anabisha. Watu wa namna hii tunao hata vijiweni kwetu.

Haya, turudi kwa konokono. Je, lile ziwa lilikuwepo? Halikuwepo. Wewe uliyepita darasa la nne unajua kwamba ni maziwa matatu: Nyanza, ambalo Waingereza walilipa jina la malkia wao Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba karibu 68,800, Tanganyika, refu kama kilomita 670 na kina chake karibu mita 1,470, na Nyasa huko kusini. Hata usawa wake hauwezi kulingana. Nyanza liko mita 1,134 juu ya bahari, Tanganyika karibu mita 770, Nyasa chini ya mita 500. Yangekuwa ziwa moja yangemwagika kama beseni lililopinda.

Kwa hiyo ramani ni takataka, tuitupe? Ngoja kwanza.

Mwaka 1856 Chama cha Jiografia kilimtuma Richard Burton pamoja na huyo huyo Speke kwenda kulitafuta ziwa. Ona maajabu: ramani iliyochekwa ndiyo iliyowatoa watu Uingereza. Walianza safari ya bara mwezi Juni 1857 kutoka Kaole, karibu na Bagamoyo, na Novemba wakafika Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Hapo walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir. Huyu mzee hakuwa wa kusimuliwa. Ujiji alikujua, na mwaka 1852 alikwishafika Buganda kwa Kabaka Suna. Speke akamfungulia ramani ya konokono. Katikati yao mkalimani ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, na huko ndiko alikojifunza lugha ambayo yeye na Speke walielewana, Kihindustani.

Snay bin Amir akaitazama karatasi na mambo yakaisha pale pale. Nyasa, akasema, ni ziwa la mbali kusini. La Ujiji ni jingine. Na la Ukerewe, huko kaskazini, ni jingine tena. Konokono akakatwa vipande vitatu sebuleni Tabora, kabla Burton na Speke hawajalowesha miguu yao! Februari 1858 ndipo Burton na Speke walipofika Ujiji, na tarehe 3 Agosti 1858 Speke akaliona Nyanza karibu na Mwanza akiwa peke yake, Burton kabaki Tabora anaugua. Dunia ikaambiwa Speke kaligundua. Haya bwana.

Hapa ndipo nataka uniazime akili yako. Kwa nini kosa ambalo Tanga halikuonekana kwa miezi sita, Tabora lilionekana kwa mazungumzo ya kikao kimoja? Watu wa Tanga walikuwa waongo? Hapana, na hilo ndilo tamu. Kila mmoja alisema kweli tupu. Aliyetoka njia ya Masai aliyaona maji. Wa Ujiji aliyaona. Wa Kilwa aliyaona. Ila kila mmoja aliijua njia yake, na hakuna aliyewahi kutoka mwisho wa njia moja akakatiza mpaka mwisho wa nyingine. Ni kama mtu wa Mbagala na mtu wa Tegeta, wote wanafika Kariakoo, lakini ukimwuliza wa Mbagala njia za Tegeta atakuchanganya tu. Tabora ndiyo Kariakoo yenyewe. Pale njia ya kutoka pwani iligawanyika, moja Ujiji, moja Karagwe na Buganda, nyingine kusini, na habari zote zilikutana.

Kwa maana hiyo lile kosa lenyewe ni ushahidi. Linatuonyesha namna habari zilivyotembea katika nchi hii katikati ya karne ya 19, nani alijua nini na nani hakujua. Ramani sahihi ya setilaiti haiwezi kukwambia jambo hilo, inakuonyesha ziwa lilipo basi.

Na lugha nayo iliwacheza shere. Nyanza, Nyanja, Nyasa: katika lugha nyingi za bara maneno haya maana yake ni ziwa tu, au maji makubwa. Mgeni anaulizia jina la maji, mmoja anamjibu Nyasa, mwingine Nyanja. Mgeni anafikiri ametajiwa jina la mahali pamoja. Ni sawa na Mzungu aulize mto ule unaitwaje, ajibiwe "mto", aandike Mto Mto.

Ukiacha ziwa, ramani ile ina utajiri wa ajabu. Njia za misafara zimo, zikiwa zimeandikwa kabla ya Burton na Speke kupita. Makabila yamo: Wazigua, Wakamba, Wamasai, Wachaga, Wagogo, yote kwa tahajia ya Kijerumani inayotuonyesha jinsi watu wa pwani walivyoyatamka majina hayo zama hizo. Karibu na pwani karatasi imejaa, kila kituo kina jina. Ukienda ndani majina yanapungua, mwisho ni peupe kama ule mtaa wako wa nyuma. Mwanahistoria anasoma weupe huo kama anavyosoma maandishi. Na umbali wote ulitokana na siku za kutembea. Siku moja ya msafara wenye mizigo ya pembe si siku moja ya msafara mtupu, kwa hiyo mtu anayetaka kuitumia ramani hii lazima ajue kwanza uzito wa mzigo begani.

Baadaye zikaja ramani za kupima. Wajerumani walipoitawala nchi, maofisa wao walitembea na dira mkononi na saa ya kuvulia mfukoni. Ofisa anaangalia dira, anaandika njia inaelekea wapi, anatazama saa, anatembea mpaka njia ipinde, anaandika tena, huku anachora kwa penseli kilima cha kushoto, kijito cha kulia, kijiji cha mbele. Kupima kimo cha mlima walikuwa na ujanja mmoja mzuri: walichemsha maji. Ukipanda juu maji yanachemka mapema, kiasi cha nyuzi moja ya joto kwa kila mita 300 hivi. Pwani ni nyuzi 100, Lushoto ni kama 95. Kwa hiyo kipimajoto na sufuria vinakwambia uko juu kiasi gani. (Ndiyo sababu maharage ya Lushoto yanachelewa kuiva, usimlaumu mpishi.)

Michoro hiyo ilipelekwa Berlin, na huko Richard Kiepert, kisha Paul Sprigade na Max Moisel, wakaiunganisha kuwa ramani kubwa ya kurasa nyingi, sentimita moja kwa kilomita tatu. Ukiitazama utaona pembeni mwa njia pamejaa, na katikati ya njia na njia hakuna kitu, kwa sababu ofisa hakupita. Wapagazi na askari waliomwambia jina la kila kijito hawakuandikwa.

Sasa wewe kijana wa mjini utaniuliza, mimi yananihusu nini? Yanakuhusu. Mwulize babu yako alizaliwa kijiji gani, halafu nenda kakitafute kijiji hicho kwenye ramani ya leo. Wengi wetu hatutakiona. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 mpaka 1907 viliteketeza vijiji vya kusini, na njaa iliyofuata ikamaliza waliobaki. Miaka ya 1940 watu wa Liwale walihamishwa pori la Selous lipanuliwe, eneo ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Halafu ikaja operesheni ya vijiji, amri ya mwaka 1973 kwamba ifikapo 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Watu wakapakiwa kwenye malori, nyumba za zamani zikabaki mahame. Ukipita porini ukakuta miembe imepanga mstari, au mbuyu wenye kibuyu kilichovunjika chini yake, ujue hapo palikuwa na watu, na makaburi yao yako hapo hapo. Mtalii kwenye gari la juu anapiga picha nyumbu, anaambiwa pori hili halijaguswa na binadamu. Halijaguswa!

Mzee akifa bila kukuonyesha mahame yake, shahidi anayebaki ni ile karatasi ya dira na saa. Wasomi wa historia wanalijua hilo. Wanaiweka ramani ya zamani juu ya mpya, wanaona palipokuwa na watu na pasipo na watu leo, halafu wanauliza kulikoni.

Ila usikimbilie kuapa kwa ramani hizo. Vijiji vingi vimeandikwa kwa jina la jumbe wake, kama sisi tunavyosema shuka kwa Azizi. Jumbe akifa au akihama, jina linakwenda naye. Kijiji kile kile kinaweza kuwa na majina matatu katika ramani tatu, na jina moja linaweza kuonekana mahali pawili kwa sababu mwenye jina alihama na watu wake. Ukienda na karatasi hiyo kijijini kudai shamba utapigwa mawe, na sitakuja kukuwekea dhamana. Kaa na wazee kwanza, watajie majina yaliyoandikwa, waache wenyewe wabishane. Kama alivyofanya Erhardt kule Tanga.

Na tuwe wa kweli, ile ramani ya konokono ilikuwa na uungwana ambao nyingi za baadaye hazikuwa nao. Maelezo yake yenyewe yalikiri kwamba habari zimetoka kwa wenyeji na kwa wasafiri Waislamu wa pwani. Majina yao hayakutajwa, lakini angalau ilisemwa kwamba kuna watu waliosema.

Erhardt aliondoka pwani mwaka 1855 na baadaye akaenda kufanya kazi India. Rebmann alibaki. Burton na Speke walipompitia kule nyuma ya Mombasa Januari 1857, kumwomba afuatane nao kwenda kuliona ziwa aliloshiriki kulichora, hakwenda. Alikaa Rabai na kamusi zake, miaka 29 kwa jumla, macho yakawa yanafifia mpaka yakazimika kabisa. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka Nyanza kwa mashua na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja lililo peke yake. Mwaka huo huo Rebmann, kipofu, alipanda meli kurudi kwao, na aliyekuwa amemshika mkono njia nzima mpaka Ujerumani ni kijana wa Rabai, Isaac Nyondo.